Anavaa Tu

Maneno mawili yalitosha kumharibia karani chai yake ya saa nne. Yalitoka kwenye redio ndogo ya masjala ya mahakama, ile inayokaa juu ya kabati la mafaili ya kesi zilizokwisha, na aliyeyasema ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Mtangazaji alikuwa amemwuliza mbunifu huyo wa mavazi wazo la nguo zake mpya lilimjia wapi.

"Kwa wifi yangu," mbunifu alijibu kwa sauti iliyopakwa asali. "Yeye ndiye kioo changu. Hajui mitindo, hajui rangi ya msimu, hata kujitazama hana muda. Anaamka asubuhi, anavaa tu, na ukimwona unatamani uwe yeye. Ndiyo maana nguo hizi nimeziita Vaa Tu."

Masjala nzima ikamgeukia. Mhudumu wa chai akasema kumbe wanakaa na nyota na hawajui, na mpiga chapa akamwomba angalau awafundishe na wao hiyo siri ya kuvaa tu. Karani alitabasamu, maana tabasamu halina gharama, akakiweka kikombe mezani. Moyoni alikuwa anamtukana wifi yake matusi ambayo hayaandikiki kwenye jalada lolote la mahakama.

Kilemba cha ukoka kinavalishwa wengi, na wengi wanakivaa wakacheka. Hiki kilimchoma kwa sababu kilikuwa uongo kuhusu kitu kimoja alichokilinda maisha yake yote. Alipokuwa na miaka kumi na miwili mgongo wake ulianza kwenda upande. Daktari alisema ataishi, atatembea, atazaa akipenda, ila mstari hautanyooka. Bega la kushoto likashuka, kombe la bega la kulia likachomoza nyuma, nyonga ya kulia ikapanda. Shuleni wakamwita Kombo, na mtoto akiitwa Kombo na darasa zima hata jina lake la kweli analisahau.

Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule, mwenye cherehani moja na mdomo uliojaa pini kutwa. Siku aliyolisikia jina hilo dirishani alizima pasi, akampima binti yake upya, mbele na nyuma, kila upande peke yake. "Jina hilo nitalishonea ndani," alimwambia. "Halitatoka nje tena." Tangu hapo kila nguo ya mtoto ilikatwa kwa ajili ya ule mgongo: pedi ndogo begani kushoto, mgongo wa vipande vitatu badala ya viwili, na upande wa kulia kuzidishwa vidole viwili chini ili kitambaa kikishapanda nyonga pindo lilale sawa. Nguo ikawa inaanguka wima. Watu wakaanza kusema yule binti anajua kuvaa, na Kombo akazikwa.

Mama alipofariki, mkasi ulihamia kwa binti. Hakuna blauzi ya dukani iliyowahi kumgusa kabla hajaifumua yote na kuishona upya. Kila alfajiri alisimama katikati ya vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, akajikagua kama askari wa zamu anavyokagua kufuli. Ukubwani, mtu mmoja tu zaidi ya mama yake aliwahi kuuona mgongo wenyewe, dada wa mchumba wake, aliyeingia bafuni bila kubisha. Wiki hiyohiyo posa ilirudi. Neno wifi lilianza kumkaa vibaya kooni tangu siku hizo, hata kabla hajampata wa halali.

Na wa halali alipomjia, alikuwa ni huyu. Mtaani walimwita Madoido, maana katika miaka tisa ya ndoa yake hakuna nguo aliyoishona ikakosa shanga, vifungo vya mapambo na mikunjo juu ya mikunjo, mpaka mteja mmoja akalalamika kwamba amevalishwa pazia la ukumbini. Yeye na karani hawakupikika chungu kimoja hata siku moja. Madoido alimwona karani mtu wa kujisikia, karani akamwona Madoido mtu wa makelele, na katikati yao alikaa mdogo mtu akiwarushia kila mmoja salamu ambazo mwenzake hakuzituma. Wateja walipoanza kupungua ndipo Madoido alipookoka. Akatangaza kwamba siku hizi urembo ni kutojipamba, na akaanza kumtazama wifi yake kwa macho mengine.

Majuma kadhaa kabla ya ile redio, mdogo mtu alikuja Jumapili moja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, wifi yako anaomba lile gauni lako la kijivu. Siku mbili tu. Anataka kulitazama."

"Kulitazama? Kwani ni sinema?"

"Dada, naomba. Kwa ajili yangu."

Gauni la kijivu lilikuwa la mwisho ambalo mama yake alilikata kwa mkono wake, mwaka aliokufa, na mishono ya ubavuni aliipitisha kwa sindano kwa sababu miguu ilikuwa haiwezi tena kanyagio la cherehani. Karani alilivaa mara chache, siku za maana. Alilitoa kabatini, akalikunja, akampa mdogo wake, na mlango ulipofungwa akajilaumu kwa huruma isiyo na mpango.

Siku mbili zikawa kumi. Siku ya kumi na moja alitoka kazini akaenda mwenyewe kwenye karakana ya Madoido. Kilikuwa chumba kirefu juu ya duka la vioo, cherehani tisa upande wa dirisha, vumbi la pamba sakafuni, na mwisho wa chumba meza ya kukatia yenye urefu wa kitanda mara mbili. Juu ya meza hiyo alilikuta gauni la mama yake. Lilikuwa limefumuliwa lote, kola peke yake, mikono peke yake, kila kipande kimebanwa kwa pini juu ya karatasi ya kaki.

"Karibu, wifi," alisema Madoido bila chembe ya aibu. "Usihofu, litarudishwa. Tena litashonwa vizuri zaidi. Maana huyo fundi wa mtaani aliyelishona, sijui alipima kwa macho? Upande huu umezidi huu. Bega moja lina pedi, jingine halina. Mgongo vipande vitatu, utadhani kitambaa kilimwishia. Amekosea, lakini kosa lake tamu. Na wewe ukalivaa hivyohivyo, hukujali. Huko kutojali ndiko ninakokutafuta."

Mama mkwe alikuwa amekufa kabla Madoido hajaolewa, kwa hiyo hakujua anamtukana nani. Karani alijua. Hasira ikampanda taratibu kutoka magotini.

Kwenye kona ya meza alisimama fundi mkataji, mtu wa makamo, mkasi wake mwenyewe amefungia kitambaa laini kwenye mpini. Alikohoa kidogo.

"Madam, hili si kosa. Mtu akikosea anakosea ovyo, huyu kila sehemu amekosea kwa kipimo. Tusawazishe kwanza, au tumjaribishe mtu mwingine."

"Usiguse hata uzi. Ukilisawazisha linakuwa gauni la kila mtu. Ile sampuli uliyokata jana kwa vipimo hivi iko wapi? Wifi, hebu ingia nayo hapo nyuma ya pazia."

Ningekuwa mimi ningeondoka. Karani aliingia nyuma ya pazia, akavaa sampuli, akatoka akasimama mbele ya kioo kikubwa. Gauni lilimwanguka wima kutoka bega mpaka pindo, halikushika popote. Cherehani tisa zikanyamaza.

"Mnaona?" Madoido aliwaambia mafundi wake. "Kosa liko wapi sasa? Wifi, mwenyewe unasemaje?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yake. Sentensi moja ingetosha: hili limekatiwa mwili wangu, mvalishe mwingine uone. Lakini sentensi hiyo ingemtoa Kombo kaburini, mbele ya wifi, tena wifi aliyetoka kumwita mama yake fundi asiyejua kupima. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo karani hakuificha nafsi yake. Alitaka Madoido aanguke, na aanguke mbele ya watu.

"Linanikaa," alisema.

Fundi alipiga goti kubandika pini kwenye pindo. Mkono wake ulipanda kwenye mshono wa mgongo, ukafika kwenye kombe la bega, ukasita. Alimtazama karani kwenye kioo, na karani akageuza macho. Fundi akasimama polepole, akajiweka katikati ya mgongo huo na wale mafundi wa cherehani, akabaki hapo akichezea futi ya kupimia mpaka karani alipokwenda kubadili nguo. Karani alidhani fundi amechoka tu.

Yakakatwa magauni ishirini na nane, wala Madoido hakutaka yajaribishwe mtu mpaka siku ya kuonyeshwa. Kisha ikaja ile redio ya saa nne, na baada ya redio simu ya mdogo mtu: Ijumaa asubuhi anakuja mnunuzi wa maduka makubwa, akiyapenda anayachukua yote na mengine zaidi, na wifi anaomba kioo chake kiwepo.

"Nitakuja," alijibu karani, haraka kiasi kwamba mdogo wake akamwuliza kama anaumwa.

Ijumaa alichukua ruhusa ya nusu siku. Karakana ilikuwa imefagiliwa na cherehani zimefunikwa. Viti vitatu vilipangwa mbele, cha mwanzo cha mnunuzi, mwanamke mkimya mwenye daftari, aliyevaa viatu vya kutembelea. Madoido alimkalisha karani kulia kwake na kumshika mkono utafikiri wamenyonya ziwa moja.

"Ndiye huyu," alisema. "Mtazame tu. Hajajitayarisha hata kidogo."

Karani alikuwa ameamka saa kumi na moja kujitayarisha. Mnunuzi alimtazama, akaridhika, akaandika kitu. Pazia likafunguliwa.

Wanamitindo wanane walitoka kwa mstari, wasichana warefu walionyooka. Wa kwanza alipofika katikati mnunuzi aliinamisha kichwa kidogo. Wa pili, akakiinamisha zaidi. Wa nne alipopita, mafundi wa dirishani walikuwa wameinamisha vichwa wote. Bega la kushoto la kila gauni lilikuwa limetuna kwa pedi isiyo na kazi, mgongoni upande wa kulia kitambaa kilining'inia kitupu, na pindo lilishuka kulia vidole viwili. Wasichana wenyewe walijitahidi kujinyoosha, na kadiri walivyojinyoosha ndivyo nguo zilivyozidi kuwapindisha.

"Mbona wote wamepinda?" aliuliza mnunuzi.

Madoido alimwendea msichana wa karibu, akavuta bega, akavuta pindo, akavuta bega tena. Karani alikaa palepale. Alikuwa ameingoja saa hii majuma matano na alikuwa ameiandalia uso. Utamu ulikuja kama alivyotarajia, akaumeza wote.

Kisha Madoido akageuka, na hakumgeukia yeye.

"Fundi. Nini hiki?"

Fundi mkataji alikuwa amesimama kwenye meza yake. Alimtazama bosi wake, akaziangalia nguo.

"Nimekuuliza. Ishirini na nane, zote kombo. Ulikuwa unakata umelala? Au umelipwa na mtu unikomeshe? Miaka yote hii kumbe nafuga nyoka. Kikulacho ki nguoni mwako, leo nimeamini."

"Nilikata kama ulivyoniambia, madam."

"Nilikuambia ukate kombo? Mbele ya mgeni unanitia mimi uongoni? Lile gauni lilimkaa huyu wifi yangu, sote tulishuhudia. Kwa hiyo kipimo kilikuwa sawa, mkono wako ndio mbovu. Weka ufunguo hapo, chukua mkasi wako utoke. Na usije ukasema popote kwamba ulifanya kazi kwangu."

Fundi aliweka ufunguo mezani. Alianza kuuvingirisha mkasi kwenye kitambaa chake, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Hakumtazama karani. Mtu asiyejua angetazama kila upande kutafuta wa kumtetea, lakini huyu aliinamisha macho kwenye mkasi kwa makusudi, na karani akaelewa kile kisa cha futi ya kupimia. Alijua. Alijua tangu siku ile ya kioo, na alikuwa anatolewa nje huku amefunga mdomo kwa ajili ya mgongo usio wake.

Utamu wote uligeuka nyongo. Karani alihesabu hatua za fundi kuelekea mlangoni, tatu, nne, akijiambia kwamba mtu mzima yule atapata kazi kwingine, mafundi wanatafutwa. Hatua ya sita akasimama.

"Fundi hajakosea," alisema. "Ngoja kidogo, fundi."

"Wifi, kaa," alisema Madoido kwa meno. "Haya si ya masjala."

Karani alimwendea msichana wa mwisho kwenye mstari. "Mwanangu, ulikuja hapa umevaa nini?"

"Blauzi, mama. Ile nyeupe pale kwenye msumari."

"Ya dukani?"

"Ya dukani."

"Niazime."

Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu kuliko inavyohitajika kubadili blauzi. Hakujitazama, maana angejitazama asingetoka. Kisha akatoka, akapita mbele ya viti vile vitatu, akageuka akawapa mgongo, akatulia.

Blauzi ilikuwa imekatiwa mtu aliyenyooka. Bega la kushoto liliporomoka, kola ikamwendea shingoni upande mmoja, na nyuma kitambaa kilijibana juu ya kombe la bega lililochomoza mpaka mstari wote wa uti ukaonekana, kutoka shingoni ukienda kulia na kurudi kiunoni. Chumba kizima kiliusoma. Fundi mmoja wa cherehani alisema "maskini" kwa sauti ndogo, na karani akamsamehe.

"Hivi ndivyo ninavyoonekana nikivaa tu," alisema.

Aligeuka akamtazama wifi yake usoni.

"Hakuna kosa kwenye lile gauni. Kila kidole kilichozidi kilizidi hapa, na hapa, na hapa. Wewe ulidhani unanakili mtindo, kumbe unanakili mgongo wangu. Umewavalisha watoto wa watu mgongo wangu. Fundi alikuambia usawazishe, ukamkataza."

"Lakini kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Madoido ilikuwa imepasuka. "Ulisimama hapo kwenye kioo. Nilikuuliza. Ungesema neno moja tu, wifi, neno moja."

"Uliniuliza baada ya kumtukana aliyelishona. Yule fundi wa mtaani asiyejua kupima ni mama mkwe wako. Kaulize nyumbani."

Madoido alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha karani. Mnunuzi alifunga daftari, akasema kwa upole kwamba wakiwa tayari wampigie, na kabla ya kutoka alisimama mbele ya karani kana kwamba ana neno, akalikosa, akampa mkono. Viatu vyake vya kutembelea havikufanya sauti kwenye ngazi.

"Na hizi nifanye nini?" Madoido alikuwa anaitazama ile mistari ya nguo. "Begani zimeshakatwa. Kitambaa hakirudi. Nizifanye nini zote hizi?"

"Nitumie nyumbani," alisema karani. "Zinanitosha zote ishirini na nane. Hakuna mwingine duniani zitakayemkaa."

Akachukua vipande vya gauni la kijivu kutoka kwenye karatasi zake, akitoa pini moja moja na kuzipanga ukingoni mwa meza, akavitia mfukoni. Yule msichana alimwambia abaki na blauzi, atajisitiri na kitu kingine. Karani alimshukuru akashuka.

Fundi alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye ngazi ya chini, mbele ya duka la vioo, mkasi magotini. Karani alikaa kando yake. Magari yalipita, na nyuma yao vioo vya kuuzwa viliwaonyesha wapita njia migongo ya wote wawili.

"Nilijua tangu siku ile," karani alisema. "Ningesema, usingefukuzwa. Nilinyamaza kwa chuki, fundi, nisikudanganye."

"Na mimi nilijua."

"Leo basi kwa nini hukujitetea?"

"Ningejitetea kwa mgongo wa nani?" alisema fundi. "Si wangu."

Karani aliufungua mfuko, akampa kipande cha mgongo, kile cha katikati. Fundi alikiinua juani, akakivuta taratibu kwa vidole viwili.

"Linarudishika?" karani aliuliza.

"Matundu ya sindano ya mama yako bado yapo. Ona. Hakuruka hata moja." Alimsogezea ili aone. "Nitapita mlemle alimopita."

Karani aliinama kutazama, na blauzi ikampanda mgongoni upande mmoja. Hakuivuta.